Mwendo Usio na Mwenyewe

Mkono wa yule kijana ulikuwa bado hewani mbele ya mlango tulipoachana Jumamosi, na Fundi alikuwa hatua nne nyuma yake.

Kama gazeti la wiki ile lilikupita, au mtu alilitumia kufungia sabuni kabla hujalisoma, sikiliza upesi. Fundi ni mjane, mshona nguo mwenye miaka thelathini na mitatu kwenye cherehani. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Tarishi kwa sababu alisambaza barua mpaka mguu ukamgomea, ana miezi minane kaburini. Na mbele ya mlango wa Fundi, mchana kweupe, alisimama kijana wa shati la kijani mwenye sura ngeni kabisa, aliyefika hapo kwa mwendo wa Tarishi.

Usiseme walifanana. Kufanana Fundi anakujua. Huu ulikuwa mwendo wenyewe: mguu wa kulia unaburuta kidogo, bega la kushoto limeshuka inchi moja na nusu kwa miaka ya kubeba mkoba wa barua. Bega lile Fundi alilikatia kila shati tangu walipooana. Hata gizani angelipima kwa kiganja.

Na yote haya yalikuwa yanatokea katika Mtaa wa Miwani, ambao si mtaa wa kupanda gari ukashuka. Unakaa chumbani kwako, unavaa miwani nzito inayoziba macho yote mawili, mara unajiona barabarani, kwenye miti na mabenchi na watu wanaopita. Watu hao nao, ndivyo Fundi alivyoambiwa, ni binadamu waliovaa miwani vyumbani mwao.

Sasa twende.

Kijana aligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kushoto, kisha akasukuma kwa kiganja, kama mtu anayepenyeza barua. Mlango ukafunguka.

Mtaani humo hakuna funguo. Mlango unakutambua kwa jinsi unavyosogeza mkono, na mlango huu ulifundishwa mikono miwili tu, wa Fundi na wa marehemu.

"Mrefu," Fundi akaita.

Alikuwa hajalitamka jina hilo tangu mazishi. Tarishi alikuwa mfupi, alimfikia mkewe masikioni, na Mrefu ulikuwa utani wao wa tangu wiki ya harusi. Hata binti yao hakuujua.

Kijana aligeuka. "Habari za mchana," akasema. "Leo kumetulia."

"Wewe ni nani?"

"Habari za mchana. Leo kumetulia."

Akaingia ndani, Fundi nyuma yake. Akapita sebule bila kutazama huku wala kule, akafika kwenye chumba cha mwisho, akagonga vilevile na kusukuma vilevile, na chumba kikafunguka.

Ndani ya chumba hicho ndimo zilimokuwa dakika kumi na moja.

Niseme dakika hizo ni nini, maana ndizo tunazozililia. Tarishi alipopigwa na kiharusi, binti yao anayefanya kazi nchi ya mbali aliwatumia miwani ili baba apate kutembea. Mzee alikuwa akienda hatua sita kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni, hatua sita kurudi, na machoni mwake alikuwa yuko barabarani anagawa barua kama zamani. Binti akamtengenezea sura kwa picha zake. Siku moja, kwa kubonyeza asichokijua, mzee alijirekodi akiwa ameketi kwenye kiti cha nyumba ile ya Mtaani, anasoma kwa kichwa majina ya watu aliowapelekea barua, mlango kwa mlango. Dakika ya tisa anageuka na kusema, "Fundi, suruali inanibana." Anacheka. Dakika ya kumi na moja anakwisha.

Kila siku saa kumi alasiri Fundi huingia chumbani humo. Dakika ya tisa ikifika, hujibu, "Umenenepa wewe." Kisha hutoka, huvua miwani, na siku yake inakuwa imekwisha hata kama jua bado lipo.

Kijana wa shati la kijani alifika hadi kitini. Tarishi mwenye sura yake alikuwa ameketi anataja majina. Tarishi mwenye mwendo wake alikuwa amesimama mbele yake na sura ya mtu mwingine. Fundi aliwatazama wote wawili na hakujua amshike yupi. Kisha yule wa kusimama akageuza mguu, akatoka, akaenda kugonga nyumba ya pili. Haikufunguka. Akaenda ya tatu.

Alikuwa anagawa barua.

Fundi alikaa chini na kuikalia mikono yake chini ya mapaja. Hivyo ndivyo anavyokaa humo siku zote. Binti alimuonya mapema: ndani ya nyumba ya Mtaani, kufagia hewa kwa kiganja cha kulia ndiyo amri ya kufuta. Huulizwi mara mbili. Na Fundi, jamani, ni mtu wa kufagia. Miaka thelathini na mitatu, kazi ikiisha, anachomeka sindano kifuani, ananyoosha kiganja, anafagia nyuzi na vipande mezani kwa mara moja. Mkono wake hauombi ruhusa. Kwa hiyo mbele ya mumewe aliukalia, kama mtu aliyekalia kuku asikimbie.

Alipotoka, Jirani alikuwa kwenye benchi.

Huyu Jirani alihamia nyumba ya mkabala mwezi mmoja baada ya mazishi. Mama wa makamo, mpole, msikilizaji. Kila siku saa tisa hukaa naye benchini mpaka saa kumi, na hapo ndipo Fundi alipomwaga yote: hospitali, nguo za marehemu ambazo hajazigawa, kitanda ambacho bado analalia upande mmoja. Wateja wake wa kweli walisikiliza wiki mbili, wakachoka, wakaanza kuulizia tarehe za magauni yao. Jirani hakuchoka. Alikuwa na tabia moja tu iliyomtia Fundi wasiwasi: kila baada ya muda mkono wake ulikwenda kifuani, juu kidogo upande wa kushoto, ukagusa, ukarudi. Fundi alimhurumia, akamwambia zaidi ya mara moja kwamba moyo si wa kuchezea, aende akapimwe. Jirani alikubali kila mara.

"Umemwona?" Fundi akamuuliza. "Yule kijana ana mwendo wa mume wangu."

"Ni kweli kabisa, ndugu yangu."

"Nikashitaki?"

"Ni vizuri ukashitaki."

"Au ninyamaze?"

"Ni vizuri ukanyamaza," Jirani akasema, na mkono ukaenda kifuani.

Fundi aliona huyu naye amechanganyikiwa kwa ajili yake, akampenda zaidi. Waliachana kama kawaida yao, kila mmoja akipangusa benchi kwa kiganja kabla ya kuinuka, tabia ambayo Fundi aliamini Jirani ameiokota kwake.

Alivua miwani. Chumba kilikuwa kilekile: cherehani, pasi, sanamu la kupimishia lililovaa gauni la harusi la mteja aliyeahirisha ndoa na hakurudi. Akampigia binti.

Binti alikuwa anakwenda zamu, na mtoto mchanga alikuwa analia karibu na simu. Fundi alimweleza bega. Binti akasema watu wengi wana mabega hivyo. Fundi akasema bega la mkoba wa barua si la kuzaliwa nalo. Binti akavuta pumzi, akamkumbusha jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelificha: miwani iliandikishwa kwa jina la Fundi peke yake. Wakati wa kujiandikisha walitakiwa kuinua mikono yote miwili juu, na wa kulia wa Tarishi ulikuwa haupandi. Wakaona isiwe taabu, Fundi akainua yake, mzee akavaa. Kanuni ya Mtaa inasema miwani moja, mtu mmoja. Wakijua, watafunga nyumba.

"Halafu, mama," binti akasema, "zile ni picha tu. Baba hayumo mle."

Fundi alikuwa na la kujibu, ila lingemuumiza mtoto wake na yeye mwenyewe. Mtoto mchanga akazidi kulia, binti akasema atampigia, na Fundi alijua maana yake ni Jumapili.

Kesho yake saa tisa na nusu, badala ya kwenda benchini, alikwenda kwenye dirisha la malalamiko la Mtaa.

Alitarajia foleni. Hapakuwa na mtu. Nyuma ya dirisha alikaa Karani, na Fundi alijua papo hapo kwamba huyu ni binadamu, kwa sababu alikuwa anakohoa, na nyuma ya sauti yake, katika chumba chake huko aliko, mbwa alikuwa anabweka. Karani alimwomba radhi kwa ajili ya mbwa. Yeye ndiye karani pekee wa Mtaa mzima, akasema. Baraza la wakazi lilichaguliwa mara moja, halijakutana tangu mwaka juzi kwa kuwa akidi haitimii.

Fundi alieleza. Karani akatafuta, akakuta.

"Yule si mtu, mama. Ni mjazaji."

Akamfafanulia polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hajapata wa kuzungumza naye kwa siku nyingi. Wakazi walianza kuondoka. Mtaa mtupu unatisha wageni, kwa hiyo wenye Mtaa wakatengeneza watu wa kujaza. Sura walizibuni wenyewe. Mwendo wa binadamu uliwashinda kubuni, ulitoka kama wa mdoli. Wakachukua miendo iliyokwisha kurekodiwa na miwani za watu. Mwendo wa mkazi aliyeandikishwa wanatakiwa kuomba kwanza. Usio na jina wanautumia tu.

"Katika miwani yako kulikuwa na miendo miwili," akasema, "na jina moja."

"Kwa hiyo mnamtembeza."

"Wanamtembeza. Mimi nakaa dirishani tu." Akakohoa. "Lakini una haki. Taja jina la mwenye mwendo, sema alivaa miwani hii, nauzuia leo hii. Hatatembezwa tena."

"Halafu?"

"Halafu nyumba inafungwa, maana mlivaa wawili. Kilichomo kinafutwa. Kanuni sikuiandika mimi."

"Na nisipotaja?"

"Naandika kwamba mwendo hauna mwenyewe. Unabaki mali yao."

Msomaji, mimi ninayeandika haya nina mke, na sijui ningesema nini. Fundi akamwona akilini mzee wake akiburuta mguu mlango kwa mlango, mvua na jua, miaka isiyo na mwisho, barua mkononi hana. Kisha akaona kiti kitupu saa kumi alasiri. Hofu ya kile kiti ilimshinda.

"Simjui," akasema.

"Una hakika, mama?"

"Nilimwona akipita tu. Nilidhani namjua. Simjui."

Karani alimtaka athibitishe kwa mkono. Fundi akainua mkono wa kulia, ule aliomvisha nao pete, ule aliomfumba nao macho. Maandishi yakatokea hewani kati yao: MWENDO HUU HAUNA MWENYEWE. Yakakaa kidogo, yakayeyuka. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto, na chini ya miwani machozi yakaanza kujaa, maana miwani ile haina pa kuyapitishia.

Karani hakuwa na haraka ya kumfukuza. Huenda alimwonea huruma, huenda naye alikuwa mpweke wa kutosha. Akaanza kumfundisha namna ya kuwatambua wajazaji ili asije akashtuka tena. Kwanza, hawabishi. Wape jambo lolote, watalikubali, na ukiligeuza watakubali upande wa pili. Pili, wanafuata pengo.

"Pengo lipi?"

"Mkazi akizoea kukaa mahali fulani saa fulani, siku asipotokea, mjazaji wa jirani anakwenda kukaa pale badala yake na kufanya anayoyafanya. Ili Mtaa usionekane umepungukiwa."

Fundi alijaribu kucheka. Akasema basi yeye ana bahati, kwao angalau kuna Jirani, mtu na akili zake, wanazungumza kila siku.

Karani aliinama kwenye daftari lake. Mbwa alinyamaza.

"Mama," akasema, "mtaa wenu una nyumba kumi na nne. Mwenye miwani aliyebaki ni wewe."

Fundi alitaka kusema kwamba haiwezekani, Jirani anajua majina ya dawa alizokunywa mzee, anajua upande wa kitanda. Kisha akakumbuka ni nani aliyemwambia. Akakumbuka ni vizuri ukashitaki, ni vizuri ukanyamaza. Miezi saba ya alasiri. Alikuwa amekaa benchini peke yake miezi saba.

"Yeye ni mwendo wa nani?" akauliza.

"Haujaandikwa jina, katika ile miendo miwili hawakujua jina ni la upi. Ila umetoka nyumba hiyohiyo yako. Mkazi hakuulizwa, kwa kweli wangepaswa kuuliza." Karani alikuwa anasoma kwa aibu. "Mwanamke. Mikono ya kazi. Hapa wameandika: hugusa kifuani, kushoto."

Katika chumba chake cha kweli, mkono wa Fundi ulikuwa umekwenda kifuani, juu kidogo upande wa kushoto. Vidole vilikuta sindano. Ilikuwa imechomekwa pale ilipochomekwa kila siku ya maisha yake, na hakumbuki aliichomeka saa ngapi.

Fundi amewapima watu maelfu. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiona kwa nyuma. Alipojipima mgongo, aliyemshikia utepe alikuwa Tarishi.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa kumi na dakika sita."

Saa kumi na dakika sita. Kila siku, saa hii, Fundi huwa mahali pamoja tu. Na leo hayupo pale.

Hakuaga. Aligeuka na kukimbia, na kule chumbani mwake miguu ya kweli nayo ikataka kukimbia, akaparamia sanamu, gauni la harusi likaanguka naye, akainuka na kipande cha shela begani. Mabenchi yalipita. Nyumba zilipita, kumi na tatu, madirisha masafi yasiyo na mtu ndani. Kijana wa shati la kijani alikuwa anagonga ya saba. "Habari za mchana," akasema. Fundi hakumtazama. Hakuwa na haki ya kumtazama.

Benchi la mkabala lilikuwa tupu.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, na haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa mkono unaoujua.

Akaingia sebuleni na kusikia sauti ya mumewe ikitaja majina, taratibu, nyumba ya mwisho ya barabara ya mwisho. Halafu kituo. Fundi alikijua kituo hicho. Ni dakika ya tisa.

"Fundi," Tarishi akasema, "suruali inanibana."

"Umenenepa wewe," mwanamke akamjibu.

Tarishi akacheka. Alicheka vilevile kama anavyocheka kila siku, wala hakuona tofauti.

Fundi alifika kwenye kizingiti. Jirani alikuwa ameketi mbele ya kiti, mahali pake, amepinda mgongo kwa namna ambayo mgongo wa mshonaji hupinda, na Fundi, aliyejiona kwa nyuma kwa mara ya kwanza, alishangaa jinsi alivyozeeka. Mikono ya Jirani haikuwa chini ya mapaja. Hakuna mtu aliyemuonya. Ilikuwa magotini, imetulia, inangoja kazi iishe.

Dakika ya kumi na moja ilikaribia. Jirani akainuka. Mkono wake wa kulia ukaenda kifuani, ukachomeka kitu kisichokuwepo. Kisha ukashuka, ukanyooka, kiganja wazi, juu ya meza iliyo kati yake na Tarishi, kama mkono wa mwanamke aliyemaliza shughuli za leo na sasa anataka meza safi.

"Jirani," Fundi akasema. "Nakuomba. Usifanye hivyo."

Jirani aligeuza uso wake mpole, ule uliomsikiliza miezi saba.

"Ni kweli kabisa, ndugu yangu," akasema, na kiganja kikaanza kufagia.